Kumjua Mtu na Kumsitiri: Nadharia ya Mawasiliano Baina ya Watu katika Filamu ya Watu Wote

Utangulizi

Lwakhakha ni mji wa mpakani katika Kaunti ya Bungoma, kando ya mto wenye jina hilo hilo ambao ni sehemu ya mpaka wa Kenya na Uganda. Wabukusu wa upande huu na Wamasaaba wa upande wa pili husalimiana kwa neno moja, mulembe, yaani amani. Salamu hutangulia, maswali ya utokako na uendako hufuata baadaye. Afisa wa mpaka, kwa upande wake, huanza na swali. Hizi ni njia mbili za kumkabili mtu usiyemjua, na tofauti iliyopo baina yake ndiyo kiini cha makala hii.

Makala inanuia kuonyesha jinsi nadharia ya mawasiliano baina ya watu inavyoweza kutumiwa kueleza mienendo ya wahusika wa filamu. Aidha, inanuia kuonyesha kwamba filamu nayo yaweza kuihoji nadharia. Filamu iliyoteuliwa ni Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani na kuigizwa na Wakenya. Mwaka 2018 iliwania Tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu fupi.

Msingi wa Nadharia

Mwaka 1975, Charles Berger na Richard Calabrese walitoa Nadharia ya Kupunguza Shaka. Kwa mujibu wa wataalamu hawa, watu wawili wasiojuana wanapokutana, kila mmoja huwa na shaka: huyu ni nani, na atanitendea nini? Shaka hiyo humsukuma mtu kutafuta habari. Anaweza kumtazama mwenzake kwa mbali, kuwauliza wengine habari zake, au kumkabili mwenyewe kwa mazungumzo. Kadiri shaka inavyopungua ndivyo watu wanavyozidi kupendana na kufunguliana mioyo. Kwa ufupi, nadharia hii inashikilia kwamba kujuana huzaa ukaribu.

Erving Goffman naye, katika maandishi yake ya mwaka 1955 na 1967, alieleza dhana ya uso. Uso ni ile heshima ambayo mtu hudai mbele za wenzake, na ambayo wenzake humsaidia kuilinda. Mswahili haoni ugeni katika dhana hii. Lugha yake ina vitenzi viwili vinavyoibeba barabara: kuumbua, yaani kumfichulia mtu aibu hadharani, na kusitiri, yaani kumfunika asiaibike wala asidhurike.

Tukio Lililozaa Filamu

Tarehe 22 Novemba 2014, wanamgambo wa al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likitoka Mandera. Waliwatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015, wanamgambo walilivamia basi jingine katika kaunti hiyo hiyo na kutaka abiria watengwe tena. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa baadhi ya wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote imejengwa juu ya tukio hili.

Uchambuzi

Mhusika mkuu, Jua, ni Mkristo anayesafiri kumwona jamaa yake mgonjwa. Alikwisha kumpoteza mumewe na mtoto wake katika shambulio, na sasa ameketi katikati ya Waislamu. Anawatazama kwa tahadhari na kujitenga nao. Mchambuzi wa haraka atasema kuwa Jua ana shaka na anatumia njia ya kwanza ya kuipunguza. Hata hivyo, tukimchunguza vizuri tutaona kwamba tatizo lake halitokani na kutowajua abiria wenzake. Yeye anaamini kuwa anawajua tayari, kwa kuwa msiba wake umempa jibu kabla hajauliza swali. Jina lake, ambalo pia ni kitenzi cha kujua, lina kinaya. Hapa nadharia inahitaji nyongeza: kizuizi cha mawasiliano chaweza kuwa ni yakini ya uongo wala si shaka.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ni nani katika kisa hiki aliye na hamu kubwa ya kupunguza shaka? Ni wavamizi. Wao ndio wanaotaka kujua kwa hakika nani ni nani, nao wanaitafuta habari hiyo kwa bunduki. Kwao, kumtambua mtu ni hatua ya kuelekea kumuua. Abiria wanatenda kinyume chake: wanachanganyika, wanafunikana na kukataa kutengwa, ili wavamizi wasiweze kupambanua. Wanaiongeza shaka kwa makusudi. Ukaribu baina ya Jua na wenzake unazaliwa katika tendo hilo, hata kabla hawajajuana vya kutosha.

Ni bayana basi kwamba nadharia ya Berger na Calabrese inaeleza mwanzo wa filamu lakini inakwama kwenye kilele chake. Kinachokieleza kilele ni kusitiri. Hijabu anayofunikwa nayo mtu ni sitara ya mwili, na ukimya wa abiria wanaojua siri yake ni sitara ya uhai. Goffman alizungumzia kulindiana heshima. Katika basi hili watu wanalindiana roho, na Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja kwa yote mawili.

Funzo kwa Wasomaji wa Magharibi mwa Kenya

Huenda msomaji wa Kitale au Bungoma akaona kuwa Mandera ni mbali. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kati ya mwaka 2006 na 2008 eneo la Mlima Elgon, jirani na Lwakhakha, lilikumbwa na mapigano ya ardhi yaliyolihusisha kundi lenye silaha la SLDF. Machi 2008 jeshi likaanzisha operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Watu wengi walihama, wengine wakivuka hadi Uganda. Mahali palipopitia hayo, swali la "wewe ni wa nani?" haliwezi kuwa la kutafuta habari tu. Anayeulizwa hupima kwanza anayeuliza ni nani na atalitumiaje jibu. Ndiyo maana salamu inayotangulia swali si adabu tupu: inamhakikishia mgeni amani kabla hajatakiwa kujieleza.

Hitimisho

Makala imebainisha kwamba nadharia za mawasiliano zilizoasisiwa Marekani zinatufaa katika kuchambua filamu zetu, mradi tusizitumie kama lebo za kubandika. Mwanafunzi anayeandika kwamba "mhusika anapunguza shaka" hajamaliza kazi. Inampasa aulize: anapunguza shaka ili atende nini? Na ni nani atakayedhurika akijulikana? Inampasa pia atafute katika Kiswahili chenyewe istilahi zenye uwezo wa kueleza yale ambayo nadharia haikuyaona. Kusitiri ni mojawapo. Zipo nyingine katika lugha hii na katika lugha zetu za kwanza, na zinawasubiri watafiti.