Marehemu baba aonekana kwenye video ya harusi, mama ageuza uso

MAFIA. Familia moja ya Kilindoni ilikusanyika sebuleni kutazama video ya harusi ya binti yao. Bibi harusi alipotokea mlangoni, sura ya baba yake, aliyefariki miezi miwili kabla, iliibuka taratibu juu ya bega lake, ikakaa kidogo, kisha ikapotea.

Watoto walifurahi, maana wao ndio waliomwomba kijana wa studio. Mama yao, aliyekuwa bado anakaa eda, aligeuza uso na kutaka televisheni izimwe. Hakuna aliyekuwa amemdokeza.

Ufundi wenyewe si mgumu. Katika programu za kuhariri kama CapCut na KineMaster za kwenye simu, au Premiere Pro ya kwenye kompyuta, picha hupangwa kwa matabaka, moja juu ya nyingine. Ya juu huziba ya chini. Ikipunguzwa uzito kutoka asilimia 100 hadi 30 hivi, ya chini huonekana kupitia kwake, kama mtu anayetazamwa nyuma ya mtandio mwepesi. Kiwango hicho kikipandishwa na kushushwa kwa sekunde chache, sura huibuka na kuyeyuka.

Kinachosumbua ni picha ya marehemu. Wazee wengi wameacha ya pasipoti tu, nyuma yao kitambaa cha bluu. Kitambaa lazima kiondolewe na picha ihifadhiwe kwa PNG, kwa sababu JPEG haibebi sehemu zilizo wazi. Ukiitumia, marehemu hutokea ndani ya kisanduku. Na mkataji akiwa na haraka, kofia huondoka na sikio.

Kwa mjane, sura hiyo ya ghafla ni jambo zito. Majonzi ya kufiwa huingia hadi mwilini: usingizi hukatika, chakula hakipiti, moyo huenda mbio. Kwa mzee mwenye shinikizo la damu, aulizwe kwanza. Na anayeshindwa kula au kulala kwa wiki kadhaa apelekwe kituo cha afya. Kwa walio karibu na Kilindoni, Hospitali ya Wilaya ipo hapo hapo.

Bahati ya familia hii ni kwamba kijana hakuwa amefuta mradi kwenye kompyuta yake. Ndani ya mradi, tabaka la baba hukaa peke yake. Likizimwa, harusi hubaki kama ilivyopigwa. Video ikishatolewa kwa MP4, matabaka yameshakuwa chai na maziwa. Studio nyingi hufuta miradi ili kupata nafasi, hivyo nakala isiyo na picha ya marehemu iombwe siku ile ile ya kukabidhiwa kazi.

Zilitolewa flashi mbili. Yenye baba aliichukua kaka mkubwa. Miezi minne na siku kumi ilipotimia, mama aliiomba mwenyewe, akaitazama chumbani peke yake, sauti ikiwa imezimwa.