Meli za Kamandi (4): Pale Amri Inapotoka

Tangu mwishoni mwa 2023, habari za manowari katika Bahari ya Shamu zimekuwa za makombora tu. Ni nadra mtu kuuliza amri ya kuyafyatua ilitoka wapi. Wasomaji wa mfululizo huu wameshaijua tofauti ya manowari, chombo cha kupigana, na meli ya kamandi, chombo cha kumbeba anayeamuru na mawasiliano yake; iliyobaki ni jinsi tofauti hiyo ilivyopatikana.

Ilipatikana kwa taabu. Tarehe 8 Novemba 1942, Wamarekani wakiteremka Morocco, Jenerali George Patton alikuwa ndani ya manowari Augusta. Boti ya kumpeleka ufukweni ilining'inia ubavuni, mizigo yake imo. Ghafla zikatokea manowari za Kifaransa. Augusta ikageuka kupigana, na mshindo wa mizinga yake yenyewe ukaipasua boti ile. Jenerali akakwama melini hadi mchana, askari wake wameshatua bila yeye.

Mwenye kuamuru apewe chombo chake.

Kwanza ziligeuzwa meli za mizigo, nazo zilikuwa nzito wa mwendo. Ndipo zikasanifiwa mbili mahususi kwa kazi hiyo: Blue Ridge, iliyojengwa Philadelphia, na Mount Whitney, ya Newport News, Virginia. Mkuku wa Mount Whitney uliwekwa 8 Januari 1969; mwaka kamili baadaye ikashushwa majini, na 16 Januari 1971 ikaanza kazi. Ina urefu wa mita 189, rafadha moja na mwendo wa noti 23. Sitaha yake pana iliachwa karibu tupu, ili antena zisivurugiane mawasiliano.

Desemba 2002 ilifika Djibouti ikiwa makao ya kikosi cha Pembe ya Afrika, hadi kilipohamia nchi kavu Mei 2003. Mwaka 2011 Admeri Samuel Locklear aliongozea humo mashambulizi ya Libya.

Vyombo hivi vimevuka nusu karne, na si kwa bahati. Vilipandishwa chelezoni mara kwa mara, mabomba yakabadilishwa, mitambo iliyopitwa na wakati ikang'olewa. Hapa kwetu chombo kipya hupokewa kwa ngoma na utepe, ila matengenezo yake hayana mgeni rasmi wala fungu la uhakika. Hilo ni kosa, na lisemwe wazi: bajeti ya kununua isiyo na bajeti ya kutunza isipitishwe.

Sehemu ijayo itaigeukia La Salle, iliyofanywa meli ya kamandi mwaka 1972 na kupakwa rangi nyeupe kwa sababu ya joto la Ghuba.