Miguu Huanza Kabla ya Uamuzi

Nikimfundisha mtu ngoma hapa Bagamoyo, siangalii uso wake. Naangalia uzito wa mwili uko mguu gani. Huwezi kunyanyua mguu wa kulia bila kwanza kuegemea wa kushoto, na kuegemea huko huanza kabla hatua yenyewe haijaonekana. Ngoma ya msondo ikikaribia kubadili pigo, mgeni asiye na hakika huegemea mguu usiofaa, hushtuka, hurudi upande wa pili, na pigo limeshampita.

Wengi hudhani ubongo huamua kwanza, kisha ndio huuagiza mwili. Mwaka 2005, Paul Cisek na John Kalaska wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha uchunguzi wao kuhusu kima. Kima alionyeshwa shabaha mbili, bila kuambiwa achague ipi. Seli za sehemu ya ubongo inayopanga mwendo wa mkono zikaandaa njia zote mbili kwa wakati mmoja. Ilipokuja ishara ya kuchagua, mpango mmoja ulipata nguvu, mwingine ukafifia. Yaani uamuzi ulikuwa ushindani wa mienendo iliyokwisha kuandaliwa. Mpiga ngoma yeyote wa Pwani angewaambia hivyo bure, ila asingekuwa na ushahidi wa seli.

Lakini kuandaa si kwenda. Ndani kabisa ya ubongo kuna mafungu ya seli yanayofanya kazi kama breki: huzuia mienendo yote, kisha huachia mmoja. Ili breki hiyo iachie vizuri inahitajika kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazoitengeneza hufa kidogo kidogo. Anataka kwenda, njia anaijua, miguu inaganda chini, mara nyingi mlangoni au anapogeuka. Cha ajabu, baadhi ya wagonjwa wakisikia mdundo wa kufuata hupiga hatua. Sisi tuliokulia kwenye mdundiko, ngoma ya kuchezwa huku watu wanatembea njiani, hilo halitupi taabu kulielewa.

Kwa hiyo mzee wako akianza kutetemeka mkono ukiwa umetulia, hatua zikawa fupi, akakwama kizingitini, usiseme karogwa wala anadeka. Mpigie makofi ya taratibu avuke, kisha mpeleke hospitali. Dawa ya kurudisha dopamini ipo.