Tapeti Zinapogonga

Mhariri wa kurasa hizi za Kiswahili ameniomba niandike habari za kazi yangu, nami nimeona heri nishike jambo moja kuliko kugusagusa mengi. Mimi ni fundi wa magari hapa Kampala, upande wa Ndeeba, na magari yanayoletwa kwangu aghalabu ni Subaru Impreza zenye turbo. Wakubwa wetu walisimuliana habari za Coronation Safari, mbio zilizoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana walikuja kumpenda Colin McRae, aliyeshinda Safari ya Kenya mwaka 1997 kwa Impreza, na tangu hapo kila mwenye fedha kidogo atamani gari la namna hiyo. Akilipata, siku moja husikia ndani ya injini sauti ya tk-tk-tk, kama cherehani, na usingizi humpotea.

Sauti hiyo watu huiita kelele ya tapeti. Tapeti ni kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kemshafti na vali. Injini ya Subaru iitwayo EJ20, ambayo ilianza kutumika mwaka 1989, ina silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na vali 16. Kemshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Basi injini ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 50 katika sekunde moja. Tena chuma kikipata moto hurefuka. Kwa hiyo hapana budi pawe na nafasi ndogo ya kuruhusu huko kurefuka, ama pawe na kitu cha kuijaza nafasi hiyo wakati wote.

Katika EJ20 za mwanzo zenye turbo, kitu hicho ni oili. Ndani ya tapeti mna pistoni ndogo, springi na gololi. Pampu husukuma oili iingie, gololi huziba njia isirudi, na tapeti huwa ngumu kama chuma kimoja. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulijaribu jambo hili darasani. Jaza maji katika bomba la sindano, ziba mdomo kwa kidole, kisha sukuma: halibonyei. Sasa weka maji nusu na hewa nusu, usukume tena. Linabonyea. Hivyo ndivyo ilivyo tapeti iliyoingiwa na hewa: kemshafti huibonyeza kwanza kabla ya kuisukuma vali, na hapo husikika mgongo. Uchafu ukikwama chini ya gololi, oili hurudi nyuma, na sauti huwa ni ile ile.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa mjini. Wao wakisikia tk-tk hufungua injini. Mimi nasema tapeti inayogonga ni mjumbe wa oili, na mjumbe hapigwi kabla hajaulizwa habari. Oili ile ile inayokwenda kwenye tapeti ndiyo inayobeba beringi za krenki. Tapeti ikikosa oili hupiga kelele tu. Beringi ikikosa oili hufa, na krenki huharibika pamoja nayo. Kwa hiyo swali la maana si namna ya kuinyamazisha tapeti, bali ni kwa nini inalia.

Kwanza yapasa kuhakikisha kama ni tapeti kweli. Gasketi ya bomba la moshi ikivuja penye kichwa cha injini hutoa sauti iliyo karibu sana na hiyo, illa hupungua chuma kikipata moto na kutanuka. Kikazio cha mkanda wa taiming nacho hugonga, lakini kwa mbele ya injini. Beringi ya krenki iliyokwisha hutoa mgongo mzito, na huzidi gari likipanda mlima. Ukiusikia huo, zima injini hapo hapo, usiende hata hatua moja. Mimi hutumia bisibisi ndefu: ncha juu ya kifuniko cha vali, mpini kwenye sikio. Ni chombo duni, lakini husema kweli. Tahadhari tu mikono na nguo zisinaswe na mikanda.

Kisha tazama oili, kimo chake na hali yake. Oili nyeusi nzito kama lami, au iliyo nyepesi kuliko ile aliyoandika mtengenezaji, yatosha kuleta kelele. Nimeona watu wakimimina dawa za kuifanya oili iwe nzito ili sauti ikome kabla ya kuuza gari. Huko ni kumziba mlinzi mdomo. Baada ya hayo fungua swichi ya taa ya oili, ufunge geji ya kweli mahali pake. Injini ikiwa imepata moto, EJ20 yataka ratili kama 14 kwa inchi ya mraba ikinguruma polepole, na kama 43 ikifika mizunguko 5,000.

Kijana mmoja aliniletea Impreza yake akiwa ameambiwa kwingine kwamba anunue tapeti zote 16, na akiweza, injini nzima. Alikuwa tayari kuuza kiwanja. Nilimwuliza kelele huja lini. Akasema asubuhi haipo. Huja injini ikipata moto, na huzidi akikata kona kwa kasi. Kimo cha oili kilikuwa sawa, lakini juu ya kijiti cha kupimia mlikuwa na mapovu madogo, na mshale wa geji ulikuwa ukitetemeka. Mapovu maana yake pampu inavuta hewa. Tulishusha sampu, tukakuta ule mrija unaofyonza oili umepasuka penye kiungo chake, ugonjwa unaojulikana sana katika injini hizi. Tuliikata filta na kuikunjua karatasi yake juani, tukitafuta mng'ao wa vipande vya chuma. Hamkuwa na kitu. Beringi zilikuwa hazijaguswa. Tukatia mrija mpya, pete mpya ya mpira, na oili mpya. Injini iligonga kwa muda kidogo huku hewa ikitoka, kisha ikanyamaza. Hatukugusa tapeti hata moja, na kiwanja chake anacho.

Ikiwa oili ni njema na geji imeridhika, hapo sasa fungua kifuniko cha vali. Bonyeza kila tapeti kwa kidole gumba wakati kemshafti haiikandamizi. Iliyo nzima hukataa. Iliyo mbovu hubonyea kama sponji. Zitoe na kuzipanga kwa namba, maana kila moja imelika pamoja na mahali pake. Zioshe, uzizamishe katika oili safi, usukume gololi kwa waya mwembamba na kupiga pistoni juu na chini hata mapovu yaishe. Isiyokubali kukaza baada ya hapo, ibadilishwe.

EJ20 za turbo zilizofuata hazina oili ndani ya tapeti. Nafasi hupimwa kwa fila geji, injini ikiwa baridi kabisa. Nyingi zataka milimita 0.20 kwa vali ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutoa moshi, lakini fuata kitabu cha injini yako. Pale penye shimu, hesabu ni nyepesi: chukua unene wa shimu ya zamani, ongeza nafasi uliyopima, toa nafasi inayotakiwa. Shimu ya 2.40 yenye nafasi ya 0.32 mahali pa 0.20, badala yake ni 2.52. Msifurahie sana injini iliyo kimya: nafasi ikiwa ndogo mno vali haikai vizuri, nayo huungua bila kutoa sauti yo yote. Basi anayetaka kupimiwa alete gari jioni lilale kwangu, kwa kuwa injini iliyotoka barabarani sasa hivi haipimiki.