Lubunga hadi Ubundu Ndani ya Kiwanja Kimoja

Reli ya bustani ni njia ya treni iliyopunguzwa mpaka ikaenea katika kiwanja cha nyumba, ikiwa na mataruma yake, matuta yake na stesheni zake, na treni zake hutembea nje kwa nguvu zake zenyewe, juani na mvuani. Huko Ulaya na Marekani burudani hii imezoeleka kuwa ya watu wenye nafasi, kwa kuwa vifaa vyake huuzwa madukani vikiwa tayari na kwa bei ya juu, lakini ukiondoa mota, betri na swichi, hakuna sehemu yake ambayo fundi wa Kisangani atashindwa kuiunda kwa mabaki ya mbao na chuma. Isitoshe, mji wenyewe una kielelezo ambacho wapenzi wa treni wa nchi nyingine hukitafuta vitabuni, nacho ni reli ya Ubundu, iliyojengwa kwa hesabu ile ile ya kubana matumizi.

Mto Kongo unaposhuka kutoka Ubundu hukatwa na maporomoko saba ya Boyoma, ya mwisho yakiwa pale Wagenia wanapotegea samaki, na kwa mwendo wa kilomita 100 hivi hakuna meli inayoweza kupita. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain, ilipitisha kando ya maporomoko hayo reli yenye urefu wa kilomita 125, ikafunguliwa mwaka 1906, siku ambazo Kisangani iliitwa Stanleyville na Ubundu ikaitwa Ponthierville. Stesheni yake iko Lubunga, ng'ambo ya kushoto, hivyo abiria anayetoka katikati ya mji hana budi kuvuka mto kwanza. Unafuu wa ujenzi huo haukutokana na ufundi peke yake, kwa sababu hiyo ilikuwa enzi ya Mfalme Leopold, na jasho la waliofanyishwa kazi kwa shuruti halikuhesabiwa kuwa gharama.

Upande wa ufundi, siri ya unafuu ilikuwa katika upana wa njia, yaani nafasi iliyopo kati ya nyuso za ndani za reli mbili. Njia kuu za Ulaya zina milimita 1,435, ilhali ile ya Ubundu ilipewa mita moja tu, sawa na reli iliyotoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901, na sawa pia na reli ya kati ya Tanganyika. Njia nyembamba hukubali kona kali, kwa hiyo huzunguka kilima badala ya kukichimba, na tuta lake huhitaji udongo kidogo, ingawa hulipa unafuu huo kwa kubeba mizigo midogo na kwenda polepole. Huko Uele, kaskazini ya Kisangani, kampuni ya Vicicongo ilibana zaidi: njia yake ya kutoka Aketi, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1924 na kufika Mungbere mwaka 1937, na ambayo ilisafirisha pamba kwa wingi, ilikuwa na milimita 600.

Hapo ndipo hesabu inapomfaa mwenye bustani. Upana ulioenea zaidi duniani kwa reli za bustani ni milimita 45, na mita moja ikigawanywa kwa 22.5 hutoa milimita 44 na kidogo, kwa hiyo anayechagua kipimo cha 1 kwa 22.5, maana yake kila sentimita ya mfano kusimama badala ya sentimita 22.5 za kitu halisi, atakuwa ameiga reli ya Ubundu bila udanganyifu wowote. Taruma la mita mbili huwa sentimita 9, behewa la mita tisa huwa sentimita 40, na mtu mzima husimama akiwa na sentimita saba na nusu. Umbali ndio unaokataa kupungua, kwani kilomita 125 hubaki zaidi ya kilomita tano na nusu, ambazo hata mwenye shamba hatazipata.

Wengi hulitatua tatizo hilo kwa kuchora duara, treni ikawa inazunguka bila kikomo, na wiki ya pili mwenyewe akachoka kuitazama. Duara pia lina gharama, kwa sababu kona yenye nusukipenyo cha mita moja na nusu, ambayo ndiyo huyafaa mabehewa marefu, hula mita tatu za upana wa kiwanja na mita tisa na zaidi za reli. Reli ya Ubundu inafundisha mpango ulio bora na rahisi zaidi, kwa kuwa kazi yake yote ilikuwa kwenye ncha mbili: mizigo iliyopanda mto kutoka Kinshasa ilishushwa Kisangani, ikapakiwa kwenye mabehewa, kisha ikashushwa tena Ubundu ili ipande meli ya kwenda Kindu, ambako reli nyingine iliisubiri. Mita nane zilizonyooka kando ya ukuta, zikiwa na gati dogo na njia mbili za kupanga mabehewa kila upande, humpa mchezaji shughuli ya alasiri nzima.

Msingi ndio unaostahili jasho la kwanza. Kisangani hupata mvua karibu miezi yote, na njia iliyolazwa juu ya udongo mtupu huzama na kupinda kabla msimu haujaisha, hivyo tuta liinuliwe sentimita kumi hivi kwa matofali yaliyovunjika, mfereji uchimbwe upande ambao maji hutokea, na juu ya tuta imwagwe kokoto ndogo. Kokoto iliyopondwa kwa nyundo ni bora kuliko changarawe ya mtoni, kwa sababu pembe zake hushikana na kulibana taruma, ilhali changarawe laini huteleza kila treni inapopita. Mwinuko usizidi sentimita mbili kwa kila mita, kwa maana kichwa cha treni chepesi hupoteza mshiko upesi.

Mataruma hupatikana katika vipande vinavyotupwa na maseremala, na fundi akibahatika kupata vya afromosia, mti wa misitu ya Tshopo ambao mchwa huuogopa na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, basi vitadumu kuliko msonobari wowote wa dukani. Namna ya kuyakata inahitaji uangalifu. Kwanza hukatwa kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 9 kwa kufuata nyuzi za mti. Kisha msumeno wa mviringo, ambao meno yake huacha ufa wa milimita 3 hivi, hupitishwa mara mbili kukatisha nyuzi, ukaacha mifereji miwili yenye kina cha milimita 5 na nafasi ya milimita 45 kati yake. Mwishoni ubao huchanwa kwa kufuata nyuzi, mataruma yakatoka moja moja yote yakiwa na mifereji inayolingana. Anayegeuza mpango huo akachimba mifereji kwa kufuata nyuzi ataona mataruma yake yakivunjika mkononi palepale penye mfereji.

Katika mifereji hiyo husimamishwa chuma bapa cha milimita 3 kwa 15, ambacho hupinda kwa mikono kwenye kona kwa kuwa kimesimama kwa ubavu. Reli ya namna hii ni ndefu kwenda juu kupita ile halisi, na mpenda usahihi ataguna, lakini bei yake hufunga mjadala. Mahali inapolegea huzuiwa kwa misumari ya spoki kuukuu, ambazo mafundi wa toleka, teksi za baiskeli za Kisangani, huzitupa kila siku. Kila baada ya mita chache nafasi ndogo iachwe kwenye maungio, maana chuma cha mita kumi kikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kwa milimita tatu na nusu, na kikikosa pa kwenda huinua njia nzima.

Chuma hicho hushika kutu, na kutu huzuia umeme, jambo ambalo lingeua mpango huu kama treni ingepata nguvu zake kutoka kwenye reli, kama zifanyavyo nyingi za dukani. Dawa yake ni kubeba betri ndani ya behewa la kwanza. Seli tatu za lithiamu zilizopangwa mfululizo hutoa volti 11 hivi, na zikiwa na uwezo wa saa-ampea 2 huendesha mota inayokula ampea moja kwa karibu saa mbili, kisha huchajiwa kwa paneli ya jua, kwa hiyo kukatika kwa umeme wa mji hakuizuii treni. Seli zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu hufaa, mradi ziwekewe kidhibiti cha chaji, kwani zikizidishiwa huwaka moto. Mota ya printa iliyokufa hutosha kwa kichwa kidogo chenye bodi ya bati la kopo.

Penye magurudumu pasibanwe matumizi. Kila gurudumu lina ukingo, yaani mdomo ulioshuka kwa ndani ili kulizuia lisitoke njiani, na kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja panatakiwa milimita 40. Fundi mwenye mashine ya kukerezea huyatoa kwa usahihi huo, wakati magurudumu ya kuchonga kwa kisu huanguka kila kona na kumvunja moyo mjenzi.

Baada ya hapo kinachobaki ni matunzo, nayo hayana mwisho. Katika njia ya Ubundu treni zimekuwa adimu, na huko Uele msitu umemeza sehemu kubwa ya njia ya Vicicongo. Bustanini adui ni majani, kuku na mbuzi wa jirani. Kabla ya treni ya kwanza ya siku, kipande cha mbao ngumu cha milimita 45 kipitishwe kati ya reli kutoka ncha hadi ncha: kinapokwama, njia imebana, kinapocheza, imepanuka, na taruma la hapo ling'olewe na kokoto ipigwe upya.