Sungura wa Ploti na Dalili za Kifo

Sungura aliyepigwa vizuri kisogoni hupoteza fahamu papo hapo, lakini kufa hufa baadaye kidogo. Muda huo ni mfupi, na ndimo makosa mengi ya uchinjaji wa nyumbani hutokea.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikumfungulia mlango hata anayewinda kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo mnyama mdogo ambaye kwingineko huangushwa kwa bunduki ya upepo, katika miji ya Thika na Ruiru hutolewa kizimbani. Mashamba ya kahawa na mkonge yamekatwa ploti, na ploti isiyotosha ng'ombe humtosha sungura. Huchinjwa akiwa na kilo 2 au zaidi kidogo, nyuma ya nyumba, mara nyingi na mtu ambaye hakuonyeshwa kazi hiyo na yeyote.

Pigo huwa moja, zito, kwa kigongo, nyuma tu ya masikio. Likiwa dhaifu hurudiwa bila kusita. Mara hiyo hiyo koo hukatwa pande zote mbili ili damu itoke upesi, kabla fahamu hazijarudi.

Kinachowapotosha wengi ni mateke. Baada ya pigo zuri mwili hukakamaa, kisha miguu ya nyuma hurusha mateke kwa nguvu. Mateke hayo hutoka kwenye uti wa mgongo, ubongo ukiwa umekwisha kuzimika, na hayana maumivu. Utulivu ndio wa kuogopwa. Sungura mwenye hofu hujilaza kama mfu, hasa akigeuzwa chali: macho wazi, mwili kimya. Aliyepigwa ovyo naye huweza kulala hivyo hivyo hadi kisu cha kuchuna kimfikie, na huo ni ukatili usio na sababu yoyote. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumtesa mnyama bila ulazima, awe wa kufugwa au la.

Jicho husema kweli kuliko miguu. Ncha ya kidole ikigusa mboni na kope ikapepesa, ubongo bado unafanya kazi na pigo jingine linahitajika mara moja. Kisha hutazamwa mbavu: zikipanda na kushuka kwa mpangilio, mnyama anarudiwa na fahamu. Kutweta kwa mdomo mara moja moja ni jambo jingine. Hutokea ubongo ukiwa unakufa. Mwisho ni moyo, unaosikika kwa vidole nyuma ya kiwiko cha kushoto. Wa sungura mzima hupiga mara 180 hadi 300 kwa dakika, na huweza kuendelea kwa muda baada ya pigo, kwa hiyo kusikika kwake peke yake si dalili ya fahamu. Ukinyamaza, pumzi ikakosekana, jicho lisipepese na taya likalegea, sungura amekufa.

Kwa Waislamu pigo huachwa, kwa kuwa mnyama lazima awe hai kisu kinapopita. Kwao uangalizi huanza baada ya kuchinja: ngozi haiguswi kabla roho haijatoka.

Kuchuna huanzia mguu wa nyuma. Mguu ukijivuta kisu kinapougusa, kazi husimama na jicho huguswa tena.