Askari wa Mwili na Uvimbe wa Kansa: Mambo Yaliyofunuliwa na Panya

Mtu akichomwa na mwiba mguuni, baada ya siku mbili tatu huenda akaona tezi ya kinenani imevimba na kuuma. Huo ndio mtoki, na sababu yake yajulikana tangu zamani. Ndani ya tezi zile zimo chembe nyeupe zilizo kama askari wa mwili, nazo huongezeka mara zipatapo habari ya kuwa adui ameingia. Ya kwamba askari hao hupigana na vijidudu vya maradhi, hapana tena abishaye. Lakini je, waweza kupigana na kansa, ambayo si adui atokaye nje, bali ni nyama ya mwili wenyewe iliyoasi na kukua pasipo mpaka? Swali hilo liliwashughulisha mabingwa kwa zaidi ya miaka hamsini, na jibu la kwanza lililo thabiti lilipatikana kwa panya.

Panya hao si wale wakubwa walao mahindi ghalani. Ni panya wadogo wanaofugwa katika vizimba kwa ajili ya uchunguzi tu.

Mwanzoni mambo yalidanganya. Katika mwaka wa 1903 bingwa wa maradhi ya wanyama huko Copenhagen, jina lake Carl Jensen, alieleza jinsi alivyokata kipande cha uvimbe wa panya mmoja na kukipandikiza katika panya wengine, kikakua. Wengi waliiga kazi yake, na punde ikaonekana ya kuwa panya wengine huukataa uvimbe kabisa. Na panya aliyekwisha ukataa mara moja huukataa upesi zaidi mara ya pili. Furaha ilikuwa kubwa, kwani ilidhaniwa ya kuwa chanjo ya kansa imo mlangoni. Kumbe lilikuwa kosa. Panya yule hakuwa akiikataa kansa, bali alikuwa akimkataa mgeni. Hata kama angalipandikizwa ngozi safi ya panya asiye ndugu yake, angaliikataa vile vile.

Ili kuondoa kosa hilo ilihitajiwa kazi ya subira kuliko ya akili. Katika mwaka wa 1909, huko Marekani, Clarence Little alianza kuwazalisha panya ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi ishirini hivi panya wa ukoo wa namna hiyo huwa kama mapacha waliotoka katika yai moja: ngozi ya mmoja ikishonwa kwa mwenziwe hushika na kuota manyoya, kana kwamba ilikuwa pale tangu kuzaliwa. Sasa njia ya kupima ilikuwa wazi.

Jaribio lililokata shauri lilitangazwa mwaka wa 1957 na Richmond Prehn na Joan Main, waliokuwa katika Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani. Walitumia dawa iitwayo methilikolanthreni, iliyo na undugu na vitu viletavyo kansa vilivyomo katika lami, ili kuanzisha uvimbe katika panya. Uvimbe huo ukapandikizwa katika panya wa ukoo ule ule. Ulipokwisha kukua kidogo, ukakatwa wote kabla haujawaua. Kisha panya hao hao wakapandikizwa uvimbe ule kwa mara ya pili. Wengi wao waliukataa, hali panya ambao hawajapata kuuona uvimbe huo kabla waliwaacha ukue mpaka ukawamaliza.

Hapo mtu mwenye hadhari angeuliza: je, si kosa lile lile la zamani? Huenda ukoo huo haukuwa safi. Prehn na Main walilijibu neno hilo kwa njia nyepesi ya kupendeza. Walichukua ngozi ya panya yule yule ambaye uvimbe ulianzia kwake, wakaishona kwa panya waliokwisha kinga. Ngozi ikashika. Basi askari wa panya hao walikuwa wameipokea ngozi ya panya mmoja na kuukataa uvimbe wa panya huyo huyo. Ni kama mchungaji awezaye kumtoa ng'ombe mmoja katika zizi la jirani kwa kuwa ameiona chapa ambayo wenziwe hawana. Uvimbe una chapa yake.

Jaribio hilo lilileta na habari nyingine, isiyofurahisha. Panya aliyekingwa na uvimbe mmoja hakukingwa na uvimbe wa pili, ijapokuwa zote mbili zilianzishwa kwa dawa moja. Kila uvimbe ulikuwa na chapa yake peke yake. Tena vimbe vilivyoota vyenyewe, bila dawa, havikuamsha kinga yenye nguvu. Waliotumaini chanjo moja ya kuwafaa watu wote walipaswa kufikiri upya.

Katika mwaka wa 1960 George Klein na wenziwe huko Stockholm walithibitisha ya kuwa hata panya ambaye kansa ilianza mwilini mwake mwenyewe, akikatwa uvimbe wake na kuchanjwa kwa chembe zake zilizouawa kwa miale, aweza kuukataa ukirudishwa.

Silaha gani hutumika? Maji ya damu yana vitu vya kuua vijidudu, na wengi walidhani ni hivyo. Lakini Mwingereza Avrion Mitchison alikwisha onyesha katika miaka ya 1950 ya kuwa panya akitiwa maji ya damu ya mwenziwe aliyekataa uvimbe wa kigeni, hapati uwezo huo. Akitiwa chembe za tezi zake, huupata. Mwaka wa 1961, huko London, Jacques Miller alieleza ya kuwa panya wachanga walioondolewa tezi iliyo kifuani juu ya moyo hupokea hata ngozi ya kigeni. Askari wanaofunzwa katika tezi hiyo huitwa chembe T. Chembe T ya kuua huikamata chembe ya kansa, huitoboa, huitia sumu, kisha huiacha ife na kwenda kutafuta nyingine.

Shaka ilirudi mwaka wa 1974, ilipoonekana ya kuwa panya waliozaliwa bila tezi ile hawakupata kansa zaidi ya wengine. Lakini panya hao walikuwa na askari wa namna nyingine waliosalia. Mwaka wa 2001 Robert Schreiber na wenziwe huko St. Louis walitumia panya wasio na chembe T hata moja, nao walipata vimbe vingi zaidi na upesi zaidi. Tena vimbe vyao vilipopandikizwa kwa panya wazima, baadhi vilikataliwa. Vile vilivyokulia kwa panya wazima vilipokewa vyote. Maana yake ni kwamba askari huziua chembe zenye chapa iliyo dhahiri, na zile zilizojua kujificha ndizo zibakizo kizazi.

Mbona basi askari hushindwa? Sababu moja ilionyeshwa na James Allison huko Berkeley mwaka wa 1996: chembe T ina breki yake. Panya walipotiwa dawa ya kuizuia breki hiyo, waliukataa uvimbe. Dawa ya namna hiyo kwa wanadamu iliruhusiwa Marekani mwaka wa 2011, kwa kansa ya ngozi iliyotapakaa mwilini, na mwaka wa 2018 Allison alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Tasuku Honjo wa Japani. Wako wagonjwa waliopona kwa dawa hizo baada ya kukatiwa tamaa, na wako wengi ambao haikuwafaa. Wengine askari wao, breki ikiisha kufunguliwa, huligeukia tumbo na ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na daktari hulazimika kuwatuliza kwa dawa nyingine.